Albamu Isiyolainishwa

Alimkuta mwanamke amekaa kwenye ngazi ya mlango wake.

Zamaradi Mkude alikuwa ametoka kazini, uchovu umemshuka hadi kwenye vifundo vya miguu, na alipomwona yule mwanamke alitamani tu awe amekosea nyumba. Mtaa wao wa Kihonda ulikuwa umetulia kama kawaida yake. Kinamama wawili walipita wameongozana na vikapu vyao vya mboga, mmoja akitikisa mabega taratibu, mwenzake akipiga vidole harakaharaka. Kila mmoja alikuwa na muziki wake kichwani, ambao mtu mwingine yeyote duniani asingeweza kuusikia. Walimpungia Zamaradi mkono, naye akawapungia.

"Wewe ndiye unayeandika ile blogu ya Mwanzo Hadi Mwisho?" mgeni aliuliza bila kusimama.

"Ndiyo, ni mimi. Karibu. Ulikuwa na shida gani, dada?"

"Naitwa Adella. Mume wangu, Evarist, anaendesha treni ya mizigo." Alinyoosha mkono kuelekea upande wa relini. "Juzi aliisimamisha porini, huko mbele ya Ngerengere. Akashuka, akakaa chini relini. Nyuma yake kulikuwa na treni ya abiria inakuja. Mitambo ya breki iliishika ikasimama. Ulikuwa umebaki umbali wa kutoka hapa hadi pale kwenye nguzo ya umeme."

Zamaradi aliitazama nguzo. Haikuwa mbali.

"Walipomfikia alikuwa analia. Ushanga ameuzima, simu iko sikioni, anasikiliza kitu ulichomwambia wewe akisikilize."

Zamaradi akakaa kwenye ngazi, kando yake.

"Mimi simjui mume wako," alisema.

"Yeye anakujua. Hakuna unachoandika asichokisoma. Ananisomea mezani, chakula kinapoa." Adella alitoa simu yake, lakini hakuhitaji kuitazama. Maneno alishayashika. "'Zimeni shanga zenu, msikilize yote, msiruke hata kidogo. Wimbo wa tatu utawavunja, nanyi mtashukuru.' Si wewe uliyeandika?"

"Ni mimi."

"Utawavunja," Adella alirudia. "Umeandika kama mtu anayesifia pilau."

* * *

Ushanga ulikuwa mdogo kama punje ya ulezi. Ulipachikwa kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, na kutoka hapo ulisoma mapigo ya moyo, pumzi, jasho, hata namna mtu anavyobana meno, kisha ukashona muziki papo hapo kufuatana na hali ya mwenyewe. Mtu alipoanza kuzama, muziki ulikuwa umeshatangulia kule chini kumpokea. Haukuwa na mwanzo wala mwisho, na haukuwa na jina. Maneno ya watu ulikuwa unayaruhusu kupita, lakini muziki mwingine wowote wa nje uliufuta kwa sauti ya kuupinga, kwa sababu miziki miwili ikikutana kichwani mtu hupata kizunguzungu. Kwa hiyo hata harusini watu walicheza pamoja, kila mmoja kwa ngoma yake.

Zamaradi alikuwa mfanyakazi wa kampuni yenyewe, Tuliza, kwenye dawati la malalamiko. Kutwa nzima aliongea na watu ambao shanga zao zimekwama, watu wenye hofu ya sauti ya maji ya bomba, watu wanaomwomba asikate simu hadi fundi afike. Na yeye mwenyewe hakuwa na ushanga. Mwili wake uliukataa. Sikio lilivimba, likatoa usaha, madaktari wakautoa na kumwambia asitegemee kuwekewa tena.

Miezi ya mwanzo ilikuwa mibaya. Alilia akiwa bafuni, akalia foleni ya benki, akalia bila kujua analilia nini. Halafu Jumapili moja, katika kuzungukazunguka sokoni, alinunua redio kuukuu ya kuchezea kadi, muuzaji akamwongezea kadi chache za albamu za zamani kwa kuwa hazikuwa na mteja. Albamu ya kwanza aliisikiliza huku anasonga ugali, na ugali ukashika chini ya sufuria hadi moshi ukajaa jikoni. Yeye amesimama tu na mwiko. Nyimbo zilikuwa zinafuatana kwa mpango, moja ikiiandalia njia nyingine, na mpango huo ulikuwa wa mtu mwingine kabisa, asiyemjua Zamaradi wala kujali amechoka kiasi gani. Hilo ndilo lililomshika.

Tabu ilianza alipotaka kumsimulia mtu. Kazini alimwambia mwenzake, "Kuna mahali gita la solo linaingia kabla ya zamu yake, unadhani wamekosea, kumbe..." Mwenzake alimtazama kwa upole, kama mtu anayesimuliwa ndoto na mgonjwa.

Akafungua blogu. Hakuwa na makubwa. Alitaka apatikane mtu mmoja tu aliyesikia kile alichokisikia yeye, ili waseme, "Ile sehemu ile!" Kila wiki alichagua albamu moja, akaeleza imetengenezwaje, nani amepiga nini, wapi pana uvivu na wapi pana moto, akamalizia kwa kusema kama anaipendekeza au la. Kwa muda mrefu hakusoma mtu. Kisha wakaanza kuja, mmojammoja, watu waliothubutu kubonyeza nyuma ya sikio na kuuzima ushanga kwa muda wa albamu nzima. Waliandika chini ya makala kwa mshangao wa watoto. *Kumbe wimbo unaisha!*

Na ndipo alipoipata albamu Chumba cha Uani, ya Mzee Nassoro Kobero, mtu aliye hai, wa hapo hapo Morogoro, aliyejirekodi nyumbani na wazee wenzake bila kutarajia lolote. Wimbo wa tatu ulikuwa wa mjane wa kiume anayemuuliza marehemu mkewe mambo ya ndani ya nyumba. Chumvi umeiweka wapi. Ufunguo wa stoo uko wapi. Katikati ya wimbo sauti inanyamaza, na gita linabaki peke yake, linatembea nyumba nzima likitafuta. Zamaradi alikuwa amejaza kurasa kuhusu ukimya ule.

Sasa alikuwa ameketi ngazini na mke wa mtu aliyekalia reli.

"Tulimzika mtoto wetu," Adella alisema. "Sabina. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Hospitali wakatuongezea nguvu ya shanga siku ile ile, mimi na baba yake. Sisi hatukulia msibani, dada. Watu walilia, sisi tukawa tunawagawia chai." Alifuta vumbi lisilokuwepo gotini mwake. "Watu wakashindwa hata kuniita Mama Sabina. Wanaona kama jina hilo halimhusu mtu anayetabasamu vile. Basi, tukaishi. Tunaenda kazini, tunarudi. Sasa wewe umekwenda kumfungua. Miaka yote ile imemwangukia kwa mpigo mmoja, yuko peke yake, ndani ya treni."

"Pole," Zamaradi alisema, na neno lenyewe likamchosha.

"Sitaki pole. Nataka uifute hiyo makala."

"Niache nifikirie."

"Fikiria." Adella aliinuka na kujifunga vizuri kitenge chake. Uso wake ulikuwa mtulivu, hata mzuri, na Zamaradi alijua nyuma ya sikio lile kuna kitu kinafanya kazi kubwa wakati ule. "Mimi narudi nyumbani. Siwezi kumwacha muda mrefu."

* * *

Bosi wake, Salehe Mwinyigoha, alimwita ofisini siku iliyofuata. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kupanga kalamu zake mezani kabla ya kusema jambo zito. Alizipanga.

"Habari za treni zimetufikia," alisema. "Kaa, Zamaradi. Sikuiti kukufokea."

"Bora ungenifokea."

"Hiyo albamu tumeisikiliza. Ni nzuri. Wataalamu wanaitaka." Alisukuma spika ndogo katikati ya meza. "Wamejaribu kuilainisha. Ngoja usikie."

Alieleza kwa kifupi. Ushanga ungeichukua albamu ya Mzee Nassoro ukabaki na mifupa yake, yaani sauti ya mzee, gita, mpangilio wa nyimbo. Nyama ndiyo ingebadilika kufuatana na msikilizaji. Mahali ambapo moyo wa mtu fulani ungepasuka, wimbo ungepinda kidogo, ukazunguka, ukampitisha salama. Salehe aliuzima ushanga wake, akabonyeza spika. Kwanza walisikia wimbo wa tatu kama ulivyoshonwa kwa mwanamke mmoja wa Dodoma. Ndani yake chumvi ilipatikana, na kibwagizo kikawa cha furaha. Kisha wa kijana mmoja wa Kigoma, ambaye kwake ule ukimya ulijazwa filimbi. Ule wa msikilizaji wa tatu haukuwa hata na mke, mzee alikuwa anatafuta ng'ombe.

"Upi kati ya hizo ndio wimbo wa tatu?" Zamaradi aliuliza.

"Zote."

"Sasa watu wataongea nini wakikutana?"

Salehe aliirudisha spika pembeni. "Zamani, kabla ya shanga," alisema, "kaka yangu alikunywa sumu. Alikuwa anapenda sana muziki. Alikuwa na wimbo mmoja anaurudia, anaurudia, ule ule, mlango umefungwa. Baada ya hapo mama alikuwa anaukataza hadi mwenyewe alipokufa, hata ukipita kwenye redio ya jirani. Sisemi wimbo ndio uliomuua. Nasema kama ungepinda kidogo tu." Alizivuruga kalamu, akazipanga upya. "Wasomaji wako wanakuamini. Wewe ndiye unayejua kumwambia mtu asikilize kitu akasikiliza. Andika tu kwamba unaipendekeza hii iliyolainishwa. Atasikilizwa nchi nzima yule mzee, na hakuna mtu atakayekaa relini."

"Na nikikataa?"

"Utakuwa umekataa. Sikutishi. Nakuomba."

Hilo ndilo lililomwelemea zaidi. Mtu anayetisha angeweza kumchukia.

* * *

Alikwenda Kichangani kwa Mzee Nassoro akiwa na hakika ya jambo moja, kwamba mzee atawaka. Alihitaji kumwona mtu anawaka. Alimkuta ukumbini ameketi kwenye mkeka, anaambua kunde, gita limeegemezwa ukutani na kamba moja haipo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Kaa uambue."

Zamaradi aliketi, akavuta ganda la kunde, na huku anaambua akamweleza yote. Habari za treni, za yule mama, za Salehe na spika yake. Mzee alisikiliza bila kuinua uso.

"Watasikiliza wangapi?" aliuliza mwishoni.

"Nani?"

"Hao wa shanga. Wakiilainisha."

"Wote wanaotaka. Nchi nzima."

Mzee aliitikia kwa kichwa polepole. "Basi wakubalie."

Zamaradi alidhani hakusikia vizuri. "Mzee, wataubadilisha. Kuna mtu atasikia unatafuta ng'ombe. Ule ukimya wa katikati wataujaza filimbi!"

"Ukimya ule," mzee alisema, "nilisahau ubeti."

Ganda la kunde lilimponyoka Zamaradi.

"Nilikuwa nimechoka. Maneno yalinitoka kichwani, nikaliacha gita liende, nikasema yatarudi. Hayakurudi. Nilitaka turudie, mpiga besi akasema mgongo unamuuma, tuache hivyo hivyo. Wewe ukaandika marefu sana. Mjukuu alinisomea, nikaona haya kukwambia." Alicheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi. "Nimepiga muziki tangu sijaota ndevu, Zamaradi. Watu wakaja wakaweka shanga, nikawa napiga ukumbini humu, mke wangu anasikiliza. Akafa, nikawa nawapigia kuku. Wewe ndiye wa kwanza kuja kubisha hodi. Sasa unaniambia nchi nzima inabisha hodi, halafu unataka nisifungue kwa sababu hawakuvua viatu?"

"Hautakuwa wimbo wako."

"Na ukikaa na wale watu wako wachache ndio utakuwa wangu? Wewe ndiye uliyewaambia utawavunja. Mimi sikuimba ili nimvunje mtu. Niliimba kwa kuwa sikujua chumvi iko wapi." Alisukuma sinia la kunde pembeni. "Mimi nitawakubalia. Albamu ni yangu. Wewe andika unachoona."

Alirudi nyumbani kwa miguu. Alikuwa amekwenda kutafuta wa kusimama naye, na sasa hakuwa na mtu. Mwenye wimbo hakutaka utetezi wake. Mke wa yule dereva alitaka makala yake ifutwe. Bosi wake alikuwa na hoja, tena hoja iliyomgharimu. Njiani kote alijiuliza yeye ni nani katika jambo hili. Hakupiga ngoma, hakushona ushanga, hakuzika mtoto. Alikuwa ni mtu aliyesikiliza, akaja kuwaambia wengine nendeni mkasikilize.

Alipofika aliketi na kufungua blogu. Chini ya makala ile, katikati ya maoni ya wengine, alikuta maneno ya mtu aliyejiandika jina moja tu, Evarist. *Pale anaponyamaza, nami ninanyamaza. Nimepita hapo mara nyingi leo. Ahsante.* Na chini yake jibu lake mwenyewe, lenye furaha ya mtu aliyekwishampata mwenzake. *Karibu sana! Pita tena!*

Kidole kilikaa muda mrefu juu ya alama ya kufuta. Kama angefuta, angekuwa amemtii Adella. Lakini Evarist, ambaye ndiye aliyeumia, angeamka kesho akute mahali pale pamezibwa, na mtu pekee aliyemwambia kwamba pale pana njia amekana kuwahi kupita. Kama angeisifia iliyolainishwa, angekuwa anapendekeza kitu ambacho yeye mwenyewe, asiye na ushanga, hawezi kukisikia kama wao, na ambacho hakuna wawili wangekisikia sawa. Kama angeiacha kama ilivyo, angekuwa anamngoja dereva mwingine.

Akaanza kuandika upya. Neno "utawavunja" alilitoa. Aliandika kwamba mwimbaji alisahau ubeti, kwamba yeye mwandishi aligeuza usahaulifu wa mzee kuwa jambo kubwa kuliko lilivyokuwa, na kwamba pamoja na hayo gita linalobaki peke yake linafanya kazi yake vile vile. Akaeleza wazi wimbo wa tatu unahusu nini, ili mwenye msiba ajue anakokwenda. Akasema mtu asiuzime ushanga kwa ghafla kama alishawahi kuongezewa nguvu hospitali, aanze kidogokidogo, amwambie daktari. Asisikilize akiwa njiani. Asisikilize peke yake. Mwishoni akaongeza kwamba itatoka nyingine yenye jina hili hili, ya kwenye shanga. *Huenda ikawasaidia. Sijui. Sitaweza kuisikia kama mtakavyoisikia, kwa hiyo siwezi kuipendekeza.*

Alipoisoma tena aliona imepoteza mng'aro wote. Ilikuwa kama maelezo ya dawa. Akairusha hivyo hivyo.

* * *

Chumba cha Uani ya kwenye shanga ilitoka na kuenea kama moto wa majani makavu. Salehe alimsalimia Zamaradi kwa heshima kila walipokutana, na hakumuuliza tena. Wasomaji wa blogu walipungua. Wengi hawakuona sababu ya kujitesa na kitu wanachoweza kukipata kwa raha.

Mzee Nassoro alimpigia simu asubuhi moja. "Kuna binti kanisimamisha sokoni," alisema. "Kaniimbia wimbo wangu. Zamaradi, sikuutambua. Nikamwambia ahsante mwanangu." Alivuta pumzi. "Alikuwa anafurahi lakini. Nilimwangalia usoni. Anafurahi kweli." Zamaradi hakujua kama mzee amepiga ili amkubalie, ampinge, au alitaka tu mtu wa kukaa naye kimya.

Kulikuwa na deni la mdomo lililobaki. Alikuwa amemwambia Adella atafikiria, na hakurudi kumwambia alichofikia. Jumamosi mchana alijikokota hadi nyumbani kwao, nyumba ya bati jekundu karibu na stesheni.

Adella alifungua mlango. "Hukuifuta," alisema.

"Sikuifuta. Nimeibadilisha. Nimekuja kukwambia mwenyewe, usije ukadhani nimekukwepa."

"Nimeisoma. Yeye ameisoma pia."

Evarist alikuwa sebuleni kwenye kochi, mtu mrefu aliyejikunja kama anayesikia baridi. Amesimamishwa kazi. Ushanga wake ulikuwa unapunguzwa nguvu kliniki, hatua kwa hatua. Alimpa mgeni mkono.

"Dada Zamaradi," alisema, na uso wake ukachangamka kwa namna iliyomuumiza Zamaradi. "Kumbe alisahau ubeti?"

"Alisahau."

"Hata mimi ningesahau." Alimtazama mkewe. "Nataka kuusikia tena. Nimemwambia. Nimemuahidi sitausikiliza peke yangu, na yeye hataki."

"Kila nikimwona anavyokuwa, naogopa," Adella alisema. Aligeuka akamkabili Zamaradi. "Wewe umeandika mtu asisikilize peke yake. Haya, kaa. Kaa hapa asikilize ukiwepo, uone kwa macho yako. Usiishie kuandika."

Zamaradi alikuwa amepanga kusema maneno machache na kuondoka. Akavua viatu, akakaa.

Evarist aliubonyeza ushanga wake, akafumba macho hadi kizunguzungu cha kuuzima kikapita. Redio ikawekwa juu ya meza. Adella alikaa kwenye mkono wa kochi, ubavuni mwa mumewe. Wa kwake hakuuzima. Aliugusa, akautoa mkono haraka.

"Mimi siwezi," alisema. "Msinilazimishe."

"Hakuna anayekulazimisha," Zamaradi alisema.

Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Evarist alitikisa kichwa, mara moja hata akatabasamu kwenye ngoma. Adella aliona tabasamu lile, lakini sauti ya redio haikumfikia. Kwake palikuwa na muziki wake tu, ule unaomshika asidondoke, na mumewe anayetikisa kichwa kwa kitu kisichokuwepo. Ulipoanza wa tatu, mabega ya Evarist yakashuka.

"Anasikia nini sasa?" Adella alinong'ona.

Zamaradi alifungua mdomo ili aseme ni vigumu kueleza. Halafu akakumbuka kwamba kueleza ndiko alikokuchagua.

"Gita dogo," alisema. "Linapiga kitu kile kile, kama mtu anayefagia. Sasa mzee ameingia. Anaimba chini sana, kama hataki kuamsha mtu. Anauliza chumvi iko wapi."

"Anamuuliza nani?"

"Mkewe. Hajibiwi. Besi ndiyo inayojibu, lakini inasema neno moja tu." Evarist alikuwa ameanza kulia, bila sauti, machozi yakimwingia mdomoni. Adella alimshika mkono. "Sasa anauliza ufunguo. Ngoma zimeacha. Sasa..." Zamaradi alisita. "Sasa amesahau maneno."

"Na gita?"

"Linaendelea. Linakwenda juu, linarudi. Linakwenda tena, linarudi bila kitu."

Alieleza hivyo, noti kwa noti, kwa sauti ya chini iliyokwaruza, mgongo ukimuuma, akichagua maneno kama anayemshika kipofu mkono barabarani. Hakuwa amewahi kuandika vizuri kama alivyokuwa anasema wakati ule, na hakukuwa na mtu wa kuyaandika.

Evarist alifumbua macho. Hakumtazama mgeni.

"Mama Sabina," alisema. "Viatu vyake umeviweka wapi?"

Mkono wa kushoto wa Adella ulipanda hadi nyuma ya sikio, ukakaa pale, haukubonyeza.

"Viko juu ya kabati," alisema. "Nyuma ya sanduku la vyombo. Nilivifunga kwenye kanga."

"Nilivitafuta uvunguni."

"Najua. Nilikuona."

Evarist akainamisha kichwa akakilaza pajani mwa mkewe. Alilia sasa kwa sauti, na Adella akawa anampapasa shingo, macho yake makavu, yametazama mlango wa chumbani ambako kabati lilikuwa. Alitaka kuinuka. Zamaradi aliona alivyokaza miguu kutaka kuinuka, kisha akajizuia, akamgeuzia yeye uso.

"Wimbo ukiisha uniambie," alisema.